Walivyowasema wakubwa kwa mafumbo

Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alisambaza waraka uliouliza: "Kenya: Twendapi?" Aliikosoa serikali ya chama tawala, KANU, waziwazi. Akashtakiwa kwa uchochezi na kufungwa miaka mitatu. Gerezani, akiandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, akaishika silaha ya kale ya washairi wa pwani: fumbo.

Katika mojawapo ya tungo zake za gerezani, wahusika wawili, Alii na Badi, wanavutana kuhusu mnazi, kila mmoja akidai haki yake juu ya mti huo. Haitajwi nchi wala waziri, lakini hoja zao ni zilezile za wanaokula matunda ya uhuru na wanaoyatazama kwa mbali. Tungo hizo za gerezani zilichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mshairi.

Mwandishi Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuipitia njia hiyo ya fumbo. Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na yeye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali, alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani. Humo mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria, na mshitaki wake ni waziri Majivuno. Badala ya kuomba huruma, Karama anaisimulia mahakama habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mawazo ya kuiponya nchi, na kila mmoja akaadhibiwa. Mshtakiwa anageuka mshitaki, na baraza zima linakuwa kizimbani.

Uhuru haukulimaliza fumbo. Katika tamthilia ya Kaptula la Marx, iliyochapishwa mwaka 1999, mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alimvika Rais Kapera kaptula isiyomtosha, akiwakejeli viongozi waliovaa itikadi ya kuazima. Nchini Kenya, mwandishi Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini enzi za Rais Moi, alibuni katika Walenisi (1995) nchi ya haki ili wasomaji waipime nchi yao.

Wapo wanaosema fumbo ni kichaka cha waoga. Lakini Abdilatif alisema waziwazi kwanza, akalipa, kisha akafumba. Nguvu ya fumbo iko kwingine: linamfanya msomaji kuwa hakimu kabla hajajua kesi ni ya nani. Akishamhukumu Majivuno, hawezi tena kumtetea waziri wa kwao mwenye tabia zilezile.

Ndiyo maana inauma kuona darasani Kusadikika ikifupishwa kuwa jibu la mtihani: nchi ile ni Tanganyika, watawala wale ni wakoloni, basi. Jibu hilo linaifunga kesi ambayo Shaaban Robert aliiacha wazi kwa makusudi. Mwalimu aulize pia: leo Karama ni nani, na nani anamshitaki? Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo, na kutoa hoja, ameisoma Kusadikika kama ilivyoandikwa isomwe.