Sauti ya analogi na sauti ya dijitali katika redio ya ridhaa: Biliqo, Isiolo

Redio ya ridhaa ni huduma ya mawasiliano inayoendeshwa na watu binafsi wenye leseni, bila biashara ndani yake, kwa ajili ya kujifunza, kuzungumza na kusaidiana wakati wa dharura. Mwenye leseni hujiamulia jinsi sauti yake itakavyobebwa na mawimbi. Katika analogi, mtikisiko wa sauti hubadilisha wimbi moja kwa moja. Katika dijitali, sauti hugeuzwa kwanza kuwa namba, na namba hizo ndizo zinazorushwa. Makala hii inaupima uchaguzi huo ukiwa Biliqo, makazi ya wafugaji Waborana katika wadi ya Chari, kaunti ndogo ya Merti, Isiolo. Hoja nyingi za kuisifu dijitali zimezaliwa katika miji yenye umeme, intaneti na ripita (vituo vinavyopokea ishara na kuirusha tena) juu ya majengo. Zikifikishwa kwenye nyanda za Ewaso Nyiro, baadhi hubaki na nguvu zake na nyingine hupwaya.

Redio katika nyanda za Ewaso Nyiro

Kaskazini mwa Kenya imezungumza kwa redio kwa muda mrefu kabla ya simu ya mkononi. Vituo vya polisi, misheni na zahanati za mbali vilitegemea simu ya upepo, yaani redio ya masafa mafupi inayoweza kufika mamia ya kilomita bila mnara wowote katikati. Shirika la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 na madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, lilijenga huduma yake ya madaktari wa ndege juu ya mtandao wa redio hizo, na ombi la kumchukua mgonjwa lilifika Nairobi kwa sauti ya muuguzi aliyeshika kipaza sauti. Baadaye zikaja redio za mkononi za askari wa hifadhi za jamii. Hifadhi ya Biliqo Bulesa, yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 3,000, ilikuwa mwanachama wa Northern Rangelands Trust, shirika lenye makao yake Lewa. Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi hiyo iliundwa kinyume cha katiba.

Redio za askari wa hifadhi si redio za ridhaa. Leseni zake ni za shirika, masafa yake ni ya shirika, na anayezipanga ni fundi wa shirika. Hata hivyo uzoefu wake unafaa kutajwa, kwa kuwa umeonyesha dijitali inafanya nini vizuri katika nchi ya namna hii. Mfumo wa EarthRanger, ulioanzia katika kampuni ya Vulcan ya Paul Allen na kutumika katika hifadhi ya Lewa tangu miaka yake ya mwanzo, unaweza kupokea mahali alipo kila mwenye redio ya dijitali na kumwonyesha kwenye ramani. Msimamizi aliye ofisini huona doria ilipo bila kuuliza. Hiyo ni faida ya kweli, lakini inadai kituo chenye umeme saa zote, ripita zilizounganishwa, na mtu anayelipwa kuzitunza.

Ishara inapodhoofika

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Sauti ya FM ya analogi huchakaa polepole. Kadiri mzungumzaji anavyokwenda mbali, mvumo huongezeka nyuma ya maneno, kisha maneno huanza kumezwa, na sikio lililozoea huendelea kuokota jina la kisima au idadi ya wagonjwa hata pale sauti imebaki robo. Dijitali haichakai hivyo. Hukaa safi karibu hadi ukingo, kwa sababu namba zilizoharibika njiani husahihishwa na namba za ziada zilizotumwa pamoja nazo. Makosa yakizidi uwezo wa masahihisho, sauti huwa vipande vya milio isiyo na maana, kisha kimya.

Wauzaji husema dijitali hufika mbali zaidi. Vipimo vya mapokezi havionyeshi hivyo kwa kiwango chochote kinachostahili kununuliwa: redio nzuri ya FM na redio nzuri ya DMR, mmoja wa mifumo ya dijitali, hufikia mwisho wake kwenye nguvu ya ishara inayokaribiana sana. Kinachobadilika ni hali ya kilomita za mwisho. Katika dijitali zinasikika vizuri. Katika analogi zinasikika vibaya, na baada yake zipo nyingine chache zinazosikika kwa shida. Kwa mazungumzo ya kawaida, afadhali ya kwanza. Kwa mtu aliyezingirwa na mafuriko ya Ewaso Nyiro au aliyepoteza njia katika kiangazi, ni hizo chache za shida zinazohesabika, na pia onyo la mapema: mvumo humwambia msemaji kwamba anatoka nje ya eneo na asogee kwenye mwinuko. Redio ya dijitali humwonyesha alama ndogo kwenye kioo, ambayo jua la mchana haliruhusu kuisoma.

Jambo jingine ni kelele. Mifumo karibu yote ya dijitali hutumia kodeki inayochambua sauti ya binadamu katika vipande vya milisekunde 20 na kutuma maelezo yake, halafu upande wa pili huiunda upya. Kodeki hiyo inatarajia kinywa cha mtu. Ikipewa upepo mkali, injini ya pikipiki au ng'ombe wanaolia kisimani pamoja na mzungumzaji, hujaribu kuufanya mchanganyiko huo wote kuwa sauti ya mtu, na maneno hupotea. Redio mpya zina vichujio vya kelele vinavyosaidia. Lakini dawa ya uhakika haijabadilika: upe upepo mgongo, sogeza kipaza sauti karibu na mdomo, usipaze sauti.

Umbali hupimwa kwa urefu wa antena

Kwenye masafa ya VHF na UHF, yanayotumiwa na redio za mkononi, iwe analogi au dijitali, anayeamua umbali ni upeo wa macho ya redio. Kanuni ya kukadiria ni rahisi: zidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, upate kilomita. Antena iliyo mita 1.5 kutoka ardhini huona kilomita 5. Watu wawili wenye redio za mkononi kwenye tambarare watasikizana kilomita 10, na vichaka vikiwa vingi watapata pungufu. Mmoja akiinua antena mita 10 juu, umbali hufika kilomita 18. Kituo kilicho mita 300 juu ya tambarare kingemfikia mwenye redio ya mkononi umbali wa kilomita 76.

Fedha ya kununua redio ya dijitali kwa hiyo ingefanya kazi kubwa zaidi ikinunua mlingoti na waya mzuri wa antena. Nasema hivi kwa uhakika, kwa kuwa hesabu haibadiliki kwa chapa ya redio.

Aina za dijitali

D-STAR ilibuniwa na chama cha wanaredio wa ridhaa cha Japani mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuuzwa hasa na Icom. Hutumia upana wa kHz 6.25, nusu ya chaneli nyembamba ya FM. DMR ni kiwango cha Ulaya kilichochapishwa na taasisi ya viwango ya ETSI mwaka 2005 kwa ajili ya kampuni, kisha wanaredio wa ridhaa wakakichukua kwa kuwa vifaa vyake ni vingi na vya bei nafuu. Chaneli moja ya kHz 12.5 hugawanywa kwa zamu za milisekunde 30, na mazungumzo mawili hupita kwa pamoja kwenye ripita moja. Redio hutuma nusu ya muda tu, hivyo betri hudumu zaidi. Mahali ambapo betri huchajiwa kwa paneli ya jua, hilo si dogo. Yaesu ilileta C4FM mwaka 2013, na tangu 2019 kumekuwapo M17, mradi ulioanzia Poland unaotumia kodeki huria ya Codec 2 badala ya kodeki ya kampuni isiyo huria.

Mifumo hii haisikilizani. Mwenye D-STAR hamsikii mwenye DMR, na wote wawili hawamsikii mwenye C4FM. Hata ndani ya DMR, redio mbili zikiwa na namba tofauti za rangi, zamu tofauti au makundi tofauti ya mazungumzo, zitakaa kimya ingawa ziko meza moja. Mpangilio huo huingizwa kwa kompyuta. Redio ikiharibika mpangilio mahali ambapo kompyuta yenye programu husika iko mwendo wa siku nzima, imekuwa chuma. Redio ya FM, hata ile ndogo ya Baofeng UV-5R iliyoenea kila mahali, hupangwa kwa vidole: andika 145.500, bonyeza, sema.

Utamu mkubwa wa dijitali mjini ni intaneti. Ripita au kituo kidogo cha nyumbani kikiunganishwa na mtandao kama BrandMeister, redio ya mkononi iliyo Nairobi huzungumza na Muscat au Toronto. Kila mtumiaji wa DMR hupewa namba ya utambulisho. Za Kenya huanza na 639, za Tanzania 640 na za Uganda 641, zikifuata namba za nchi katika mitandao ya simu. Pasipo na intaneti ya waya au ya simu ya kutegemewa, njia iliyobaki ni setilaiti. Starlink ilianza huduma Kenya Julai 2023. Lakini sahani yake hula makumi ya wati kulingana na aina, na aliyeiwasha tayari anaweza kupiga simu ya WhatsApp. Dijitali inayohitaji intaneti ili ifike mbali haiongezi njia mpya ya mawasiliano wakati wa dharura, kwa kuwa inasimama juu ya nguzo ileile inayoweza kuanguka.

Na mahali wanapotembea mifugo na wachungaji pia panaweza kuonyeshwa bila sauti ya dijitali. APRS, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Bob Bruninga, hutuma nafasi ya mtu kama mlio mfupi wa data kupitia redio ya FM ya kawaida. Masafa yake katika Ulaya na Afrika ni MHz 144.800.

Masafa mafupi

Kutoka Biliqo hadi Nairobi ni takriban kilomita 300 kwa mstari ulionyooka. VHF haifiki bila msururu wa ripita. Masafa ya MHz 7 hufika mchana kwa waya wa mita 20 uliogawanywa katikati na kufungwa kwenye migunga miwili, mita nne au tano juu ya ardhi. Waya ulio chini hivyo hurusha mawimbi juu kabisa, nayo hurudishwa na tabaka la ioni na kunyesha eneo lote linalozunguka, bonde na mlima. Usiku tabaka likipungua nguvu, hushukwa hadi MHz 3.5. Sauti hapa ni SSB, analogi inayotumia upana wa kHz 2.7 pekee na isiyopoteza nguvu kubeba wimbi tupu.

Dijitali ya masafa mafupi ipo. FreeDV, yenye Codec 2 ya Mwaustralia David Rowe, huondoa mvumo wote na kupenya ishara ikiwa dhaifu, na toleo lake la RADE la mwaka 2024 linalotumia ujifunzaji wa mashine lina sauti inayopendeza kweli. Kwa kawaida huhitaji kompyuta kando ya redio. Ukanda wa ikweta nao una tatizo lake: baada ya jua kutua, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, tabaka la ioni huchafuka na ishara hutetemeka haraka. SSB hutetemeka nayo ikaeleweka, wakati dijitali hulazimika kuitafuta upya ishara kila mara. Vituo vya dharura katika kanda ya Ulaya na Afrika hukutana kwenye MHz 7.110, na kimataifa kwenye 14.300. Atakayekuwa hapo ana uwezekano mkubwa wa kutumia SSB.

Anayetaka kupima hali ya anga kabla ya kuita husikiliza mradi wa kimataifa wa vituo 18 vya ishara, kikiwamo 5Z4B cha Kenya, vinavyopokezana katika mzunguko wa dakika tatu, kuanzia MHz 14.100. Kila kituo hutuma jina lake na mlio wa kwanza kwa wati 100, kisha milio ya wati 10, 1 na 0.1.

Leseni na sheria

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na chama cha wanaredio ni Amateur Radio Society of Kenya. Alama za mwito huanza na 5Z4. Ile 4 imetoka katika VQ4 ya enzi ya ukoloni. Kanuni za kimataifa zinakataza kuficha maana ya mazungumzo kati ya vituo vya ridhaa vya nchi tofauti, kwa hiyo kitufe cha usimbaji kilichomo katika redio nyingi za DMR hakifai kuguswa. Redio zilizofungwa kwa funguo za shirika pia hazimsaidii mtu shirika likiondoka, ilhali leseni ya ridhaa hubaki na mwenyewe.

Kwa anayeanza Biliqo, mpangilio unaofaa ni FM kwa walio karibu, SSB ya MHz 7 kwa walio mbali, na redio ya mkononi yenye FM na DMR kwa pamoja ikiwa bei inaruhusu, ili siku akisafiri Nairobi aikute ripita ya dijitali. Liko pia anga la juu. Setilaiti ya Qatar Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018 na kusimama nyuzi 25.9 mashariki, imebeba kipitishi cha wanaredio wa ridhaa kiitwacho QO-100, kinachofunika Afrika yote. Kutoka Isiolo iko karibu nyuzi 75 juu ya upeo, kiasi kwamba miti na vilima haviizibi. Hupandiwa kwa MHz 2400 na kusikilizwa kwenye GHz 10.489, na sehemu yake ya sauti hairuhusu upana unaozidi kHz 2.7. FM, D-STAR, DMR na C4FM hazitoshei humo. SSB inatoshea, na FreeDV pia.