Arbuni ya Nyumba ya Safwan



Ndugu msomaji, kijana yuko Doha, anatuma pesa. Babake yuko Likoni, ameona nyumba na mwenyewe ana haraka ya kuuza. Mzee anatoa laki tatu za kuishikilia. Wiki mbili baadaye simu inalia: "Baba, kazi huku imekwisha, narudi. Nyumba sitaiweza tena." Je, zile laki tatu zinarudi? Hapo ndipo majirani hununiana mpaka Idi ikapita bila kupeana mkono.

Kisa cha namna hii kilitokea Makka zaidi ya miaka 1,370 iliyopita, na aliyekuwa akinunuliwa nyumba ni Sayyidna Omar bin Khattab (RA).

Zama za Mtume (SAW) hakukuwa na jengo la jela. Thumama bin Uthal alipokamatwa alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Madina. Lakini katika ukhalifa wa Sayyidna Omar (mwaka 13 hadi 23 Hijria, yaani 634 hadi 644) dola ilikuwa imepanuka, na gavana wake wa Makka, Nafi' bin Abdul-Harith, akatafuta nyumba ya kufanya jela. Akaipata kwa Safwan bin Umayya.

Huyu Safwan tumtulie kidogo. Babake, Umayya bin Khalaf, aliuawa Badr akiwa upande wa makafiri. Makka ilipofunguliwa mwaka wa 8 Hijria yeye alikimbia, kisha akapewa amani. Aliomba miezi miwili ya kufikiri kuhusu Uislamu. Mtume (SAW) akampa minne. Kabla ya vita vya Hunayn Mtume (SAW) alimuomba nguo za chuma za vitani. Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Akajibiwa kuwa ni azima yenye dhamana. Baadhi zilipotea na Mtume (SAW) akataka kumlipa, naye akakataa, kwani imani ilikuwa imeshaingia moyoni. Kwa hivyo mtu huyu alijua kuuliza habari ya dhamana kabla mali haijatoka mkononi!

Sasa Nafi' alikuwa na shida ile ile ya mzee wa Likoni: anamnunulia mtu aliye mbali. Kutoka Makka hadi Madina ni zaidi ya kilomita 400, na simu hakuna. Wakapatana hivi: Omar akiridhia, nyumba ni yake, asiporidhia, Safwan atapata 400. Riwaya moja inataja bei kuwa dirhamu 4,000. Yaani zile 400 ni sehemu moja ya kumi, sawa na asilimia 10 tuliyoizoea hapa Kenya. Sisemi tumeiga huko, imesadifu tu.

Wanazuoni hawakuafikiana. Iko hadithi ya Amr bin Shu'ayb, kutoka kwa babake na babu yake, kwamba Mtume (SAW) alikataza mauzo ya arbuni. Imam Malik ameipokea katika Muwatta, na wengi wa Hanafi, Maliki na Shafi'i wameshika katazo hilo: muuzaji anakula mali ya mwenzake bila kutoa kitu. Imam Ahmad (aliyefariki 241 Hijria) aliona sanadi yake ni dhaifu, akashika kitendo cha zama za Omar. Hoja ya upande wake ni kuwa muuzaji amefunga mlango kwa wateja wengine, na kungoja huko kuna thamani. Wapo pia waliosema zile 400 huenda zilikuwa kama kodi ya kuitumia nyumba mpaka jibu lirudi. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilikutana Brunei likakubali arbuni, kwa sharti kwamba muda wa kungoja utajwe.

Mimi naona hilo sharti la muda ndilo lenye uzito. Ugomvi mwingi wa mitaani kwetu watu wameandika kikaratasi "nimepokea kadha wa kadha" basi. Hakuna tarehe, hakuna neno juu ya mnunuzi akighairi, wala muuzaji akighairi. Tena sheria ya Kenya, tangu 2003, inataka mkataba wa ardhi uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Kawaida ile asilimia 10 hukaa kwa wakili, si mfukoni mwa muuzaji, mpaka mambo yakamilike. Na kama pesa zinatoka kwa mtu mwingine aliye ng'ambo, basi iandikwe kama alivyofanya Nafi': akiridhia hivi, asiporidhia hivi.

Na muuzaji akiamua kurudisha zote, hiyo ni iqala, na Mtume (SAW) ameahidi fadhila kwa anayemkubalia mwenziwe kuvunja biashara.

Sayyidna Omar aliridhia, na nyumba ya Safwan ikawa jela ya Makka. Ukiitafuta habari hii ndani ya Sahih Bukhari usihangaike kwenye kitabu cha biashara. Imam Bukhari ameiweka katika kitabu cha magomvi.