Vihisio visivyotumia waya vinavyotunza betri

MTANDAO wa vihisio ni mkusanyiko wa vifaa vidogo vinavyopima hali ya mahali, kama vile joto, unyevu au oksijeni iliyomo majini, na kupelekeana taarifa kwa mawimbi ya redio hadi kituo kikuu. Kila kifaa hutegemea betri yake, na betri ikiisha hunyamaza.

Kwa wakazi wa Mkolani na maeneo mengine ya Mwanza yaliyo jirani na Ziwa Victoria, jambo hilo si dogo. Oksijeni majini hushuka zaidi karibu na alfajiri. Kihisio kilichozimika usiku hakiwezi kumwonya mfugaji wa samaki wa vizimba, naye hugundua hasara samaki wakiwa wamekwishakufa.

Kwa kawaida, kinachomaliza betri ni redio kuliko hesabu za ndani. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, Pottie na Kaiser, walieleza kuwa nishati ya kurusha biti 1,000 umbali wa meta 100 inakaribia ile ya kutekeleza amri milioni 3 za kompyuta. Aidha, redio inayosikiliza tu hutumia umeme unaokaribiana na wa ile inayorusha.

Kwa hiyo, njia ya kwanza ni kuilaza redio. Redio ya miliampea 20 ikiwashwa muda wote humaliza betri ya miliampea-saa 2,500 kwa takriban siku 5. Ikiamshwa kwa asilimia 1 ya muda, betri hiyo yaweza kudumu zaidi ya mwaka.

Njia ya pili ni kujumlisha vipimo kwanza na kutuma matokeo pekee. Ya tatu ni kupokezana taarifa kwa hatua fupi. Hata hivyo, vifaa vilivyo karibu na kituo hubeba mzigo wa vyote na huwahi kuzimika, hivyo baadhi ya mitandao huvipa vifaa zamu ya kukusanya taarifa.

Nchini Kenya, Januari 2004, mradi wa ZebraNet wa Chuo Kikuu cha Princeton uliwavisha punda milia wa Sweetwaters kola zenye vihisio na paneli za jua. Mahali walipo palirekodiwa kila dakika 8, na taarifa zilirushwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine.

Akiba hiyo ina gharama, kwani kifaa kilicholala huchelewesha onyo. Katika ufugaji wa vizimba, ratiba inayofaa ni kupima mara chache mchana na mara nyingi kuelekea alfajiri.