Risasi tisa, miaka mitano

Mimi huripoti kesi mahakamani, kwa hiyo neno "kukusudia" nalisikia kila wiki. Jana nimesoma tena habari za Harvey Milk, usingizi ukanikatika.

Milk alikuwa na duka la kamera mtaa wa Castro, San Francisco. Alikuwa shoga na hakuficha. Novemba 1977 wananchi wakamchagua diwani hivyo hivyo. Alitumikia miezi 11 tu.

Novemba 27, 1978, Dan White, polisi wa zamani aliyejiuzulu udiwani kisha akataka kurudishiwa kiti, alipenya dirishani kuingia ofisi za jiji ili akwepe mashine ya kukagua silaha. Akampiga Meya George Moscone risasi nne. Akajaza bastola upya. Akamfuata Milk ofisini, akampiga tano.

Wadau, mtu anayepita dirishani na risasi za akiba mfukoni hajakusudia?

Mawakili wake walisema sonona ilimvuruga akili. Mei 21, 1979, raia 12 waliosikiliza kesi wakakubali: kuua bila kukusudia. Miaka 7 na miezi 8! Usiku ule magari ya polisi yaliteketea. Januari 1984 White alitoka, baada ya miaka mitano hivi. Mwaka uliofuata akajiua.

Baadaye California iliufuta utetezi wa aina ile. Sheria ilirekebishwa, Milk na Moscone walishazikwa.

Huwa najiuliza: angeuawa meya peke yake, hukumu ingekuwa ileile? Nanyi mnaonaje?