Gitaa pana kutoka chumba kidogo: jinsi ya kupiga dabo ukirekodi nyumbani Pemba

Umemaliza kurekodi wimbo wako chumbani, Wete au Chake Chake. Kwenye hedifoni gitaa la umeme limejaa, kushoto lipo, kulia lipo. Unamtumia rafiki, anaufungua kwenye simu bila hedifoni, na gitaa limesinyaa kama linatoka ndani ya kopo. Wimbo ni ule ule. Tatizo liko kwenye namna ule upana ulivyotengenezwa.

Njia za kulifanya gitaa lisikike pana ni nyingi, na karibu zote ni za kubonyeza kitufe tu. Inayoaminika kwenye kila spika ni ile ya jasho: kupiga kitu kile kile mara mbili. Studio wanaita kupiga dabo. Msanii yeyote wa bongo fleva analijua neno hili, maana sauti za kiitikio hurekodiwa hivyo hivyo.

Dabo ni nini hasa

Unarekodi gitaa la ridhimu kwenye treki ya kwanza. Kisha unafungua treki ya pili na kupiga tena sehemu ile ile, mwanzo hadi mwisho, kwa mkono wako. Treki ya kwanza unaisukuma yote kushoto, ya pili yote kulia. Basi.

Kinachofanya kazi hapo ni makosa madogo madogo. Hakuna mtu anayeweza kupiga nyuzi mara mbili sawasawa kabisa. Mkono unachelewa kidogo hapa, unawahi pale, kidole kinabana uzi kwa nguvu tofauti. Masikio yanapokea vitu viwili vinavyofanana lakini si kimoja, na ubongo unavitandaza.

Visiwani tumeizoea sauti hii zamani bila kuipa jina. Sikiliza fidla za taarabu asilia. Kwenye kundi kama Ikhwani Safaa, lililoanzishwa Unguja mwaka 1905, au Culture Musical Club, fidla kadhaa hupiga melodi moja kwa pamoja. Unene ule hautoki kwenye fidla moja iliyoongezwa sauti. Unatoka kwa watu kadhaa wanaokaribiana bila kulingana. Ukipiga dabo, mtu mmoja anafanya kazi ya safu nzima.

Kwa nini kukopi hakusaidii

Wengi wanaoanza hufanya hivi: wanarekodi mara moja, wanakopi treki, nakala moja kushoto, nyingine kulia. Matokeo? Gitaa linakaa katikati, palepale lilipokuwa, ila lina sauti kubwa zaidi. Pande mbili zikitoa kitu kilekile kwa wakati mmoja, sikio linasikia kitu kimoja mbele yake.

Ndipo mtu anagundua ujanja wa pili: kuichelewesha nakala moja kidogo, tuseme milisekunde 10 au 20. Hapo kweli gitaa linapanuka kwenye hedifoni. Mjerumani Helmut Haas alieleza mwaka 1949 jinsi sikio linavyounganisha sauti mbili zinazofuatana kwa karibu sana na kuzisikia kama moja, inayotoka upande uliotangulia. Ujanja huu unaegemea hapo.

Lakini angalia kinachotokea simu ya rafiki yako inapojumlisha kushoto na kulia kwenye spika moja. Nakala iliyochelewa kwa milisekunde 10 inagombana na ile ya mwanzo. Masafa ya Hz 50, 150, 250, 350 na kuendelea hivyo yanafutana, na yaliyo katikati yake yanapanda. Gitaa linasikika kama limepigwa ndani ya bomba la maji. Hilo ndilo kopo tulilolitaja mwanzo.

Kibaya kuliko vyote ni zile plagini za kupanua sauti zinazogeuza upande mmoja kichwa chini. Kwenye hedifoni utasema gitaa limetoka nje ya kichwa. Kwenye mono linaweza kupotea kabisa, ukabaki na ngoma, besi na mwimbaji.

Kuna hadithi moja ya kuwatetea wavivu. Mwaka 1966, fundi Ken Townsend wa studio za EMI pale Abbey Road, London, alitengeneza njia ya kupata dabo bila kurudia, kwa kuwa Beatles, hasa John Lennon, walichoka kuimba kila kitu mara mbili. Alitumia mashine mbili za tepu. Ila ya pili ilikuwa ikibadilishwa kasi kidogo kidogo, kwa hiyo nakala haikukaa umbali uleule muda wote. Ndiyo maana ilisikika kama mtu wa pili. Kukopi kwa kompyuta hakuna mtikisiko huo.

Mono bado ipo, tena nyingi

Mtu anaweza kuuliza: zama hizi nani anasikiliza mono? Jibu ni karibu kila mtu, kwa sehemu ya siku. Spika moja ya Bluetooth barazani ni mono. Redio ndogo ya jikoni ni mono. Simu zenye spika mbili nazo zimezipanga karibu mno kiasi kwamba upana haupo. Na spika za harusi, hata zikiwa nne, mara nyingi zimeunganishwa zitoe kitu kimoja ili waliokaa kushoto wasikose nusu ya wimbo.

Dabo halisi nayo hupungua kidogo kwenye mono. Mwimbaji aliye katikati hupanda takriban desibeli 3 ukilinganisha na magitaa yaliyo pembeni kabisa. Lakini kupungua desibeli 3 na kuharibika ni vitu viwili tofauti.

Unahitaji nini

Si vingi. Gitaa, kompyuta au simu, na kadi ya sauti ya nje. Focusrite Scarlett inajulikana sana, lakini yoyote yenye tundu la gitaa inatosha. Kama kuna kitufe kilichoandikwa Inst, kibonyeze, la sivyo gitaa litasikika limefunikwa na blanketi.

Programu zipo za bure. BandLab inafanya kazi kwenye simu. Audacity ni bure kwa kompyuta. Reaper unaijaribu siku 60 bila kulipa, na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Huna amplifaya? Neural Amp Modeler ni ya bure na inaiga amplifaya halisi vizuri sana. Kwa nyumba za mjini Chake, ambako jirani yuko ukuta wa pili, mimi ningechagua hiyo hata kama amplifaya ninayo.

Onyo moja kwa watumiaji wa simu: usirekodi ukiwa umevaa hedifoni za Bluetooth. Ucheleweshaji wake mara nyingi huzidi milisekunde 100. Utapiga unachosikia, na unachosikia kimeshapita. Tumia za waya.

Umeme, pangaboi na chumvi

Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa bara kupitia kebo ya baharini kutoka upande wa Tanga. Mambo yamekuwa afadhali mno kuliko enzi za majenereta, ila gitaa lina shida yake binafsi na umeme: mngurumo wa Hz 50. Magitaa yenye pikapu za koili moja ndiyo yanayoongoza kwa kuunasa, na distoshani inauzidisha.

Dawa ya kwanza ni bure. Chomoa chaja ya laptopu, rekodi kwa betri. Mara nyingi nusu ya kelele huondoka hapo hapo. Kisha geuka polepole na gitaa lako mpaka upate upande ambao mngurumo ni mdogo, uweke kiti hapo. Faida ya pili ya betri unaijua: umeme ukikatika katikati ya treki, kazi yako ipo.

Kama unatumia maikrofoni mbele ya amplifaya, zima pangaboi, na usijaribu kurekodi mvua ya masika ikiwa juu ya bati. Anayepitisha gitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti hana shida hiyo, mvua na inyeshe.

Halafu nyuzi. Hewa ya bahari inazila haraka, na uzi wenye kutu hautulii kwenye tyuni. Kwenye dabo hili ni kubwa, kwa sababu gitaa mbili zilizopishana tyuni haziwi pana, zinakuwa chungu. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Si kila duka kisiwani linauza nyuzi za gitaa la umeme, kwa hiyo anayesafiri kwenda Unguja au Dar mwagize seti mbili.

Kupiga kwenyewe

Tyuni kabla ya kila treki, si mara moja asubuhi. Washa kliki. Punguza distoshani kuliko unavyodhani unahitaji: treki mbili zikikaa pamoja, distoshani inajumlishwa, na kilichokuwa kitamu peke yake kinakuwa uji.

Treki ya pili badilisha kitu kimoja. Pikapu ya nyuma badala ya ya mbele, au amplifaya nyingine kwenye programu, au gitaa la kuazima. Tofauti ikiongezeka, upana unaongezeka. Ila mkono usibadilike. Mapigo yaanze pamoja na, hili wengi wanalisahau, yaishe pamoja. Kunyamaza kusikolingana kunasikika vibaya kuliko kuanza kusikolingana.

Rekodi mara nne, chagua mbili zinazoshikana. Tofauti ikifika milisekunde 30 hivi kwenye mapigo makali, msikilizaji ataanza kusikia watu wawili waliokosana. Usijaribu kunyoosha kila pigo kwa kompyuta. Ukizidisha, unarudi kwenye nakala.

Mwisho kata besi ya magitaa chini ya Hz 80. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi unatoa Hz 82, kwa hiyo hupotezi muziki, unaliachia gitaa la besi nafasi yake katikati.

Wimbo wa rumba usiudabo

Hapa nina msimamo. Dabo ilikuzwa na muziki wa rock, ambako gitaa moja la ridhimu linabeba ukuta mzima. Dansi letu halikujengwa hivyo. Bendi kama Mlimani Park au Maquis zilikuwa na solo na ridhimu zikijibizana, na Wakongo wakaongeza mi-solo katikati yake. Upana tayari umo kwenye mpangilio. Solo iweke upande mmoja, ridhimu upande wa pili, kila mmoja apige chake mara moja. Ukizidabo zote, yale majibizano yanazibana na solo inapoteza ncha yake. Taarabu ya kisasa yenye kinanda kikubwa, vivyo hivyo: kinanda kimeshajaza pembeni, gitaa moja safi linatosha.

Kabla hujatuma

Kwenye programu tafuta kitufe cha mono kwenye treki kuu. Kikose? Washa mono kwenye simu: Android na iPhone zote zinayo kwenye mipangilio ya usaidizi, sehemu ya sauti. Cheza wimbo, ukizima na kuwasha. Gitaa likipungua kidogo, sawa. Likibadilika rangi au kutoweka, mahali fulani bado kuna nakala iliyocheleweshwa au plagini ya kupanua. Itafute uiondoe, kisha pandisha magitaa desibeli moja na usikilize tena kwenye spika ya simu, sauti ikiwa ndogo.