Istilahi za Namba: Mfano wa 61,741,120

Mwalimu mmoja wa Korogwe alitutaka tueleze iwapo 61,741,120, idadi ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya mwaka 2022, ni namba tasa. Swali hili ni fupi, lakini kulijibu kwa Kiswahili kunahitaji istilahi zenye historia ndefu.

Kwanza ni kuitamka. Maneno mia na elfu yametoka katika Kiarabu, laki katika lugha za Bara Hindi, na milioni katika lugha za Ulaya. Utata hutokea katika kiungo "na". Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 68,308 katika Mji wa Korogwe. Karani asomewapo "elfu sitini na nane" aweza kuandika 68,000 au 60,008. Tofauti yake ni watu 7,992, nao wakipotea katika kumbukumbu hupotea pia katika makadirio ya madawati na dawa. Kwa hiyo yafaa idadi itangulie: "sitini na nane elfu, mia tatu na nane".

Pili ni kuigawanya. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na Kiswahili kilipokuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, hisabati ilihitaji msamiati wake. Shufwa na witiri ni maneno ya asili ya Kiarabu. Waislamu wanaijua witiri pia kuwa ni sala. Tasa, neno la kiumbe asiyezaa, lilipewa namba iliyo kubwa kuliko moja na isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Wafasiri huchanganya kigawo na kigawe: 7 ni kigawo cha 21, na 21 ni kigawe cha 7.

Sasa tujibu. Namba yetu inaishia kwa sifuri. Basi ni shufwa, wala si tasa. Tukiikata tarakimu tatu tatu, twapata 120 − 741 + 61 = −560. Kwa kuwa 7 ni kigawo cha 1,001 na pia cha 560, ni kigawo cha namba nzima. Vigawo tasa vyake ni 2 mara sita, kisha 5, 7, 43 na 641.

Hiyo 641 ina sifa katika historia. Fermat wa Ufaransa aliamini kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417.

Huenda msomaji akauliza: mbona zinaitwa tasa namba ambazo kwa kuzidishwa huzaa nyingine zote? Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo istilahi imekwisha kuenea vitabuni, na kuibadili kungewavuruga wanafunzi. Tunashauri ibaki, na mwalimu aifundishe pamoja na maana yake.