Harufu ya Siki Kwenye Kopo la Picha

Kopo la biskuti alilotuachia bibi lilipofunguliwa, harufu ya siki ilijaa sebuleni. Shangazi akadhani achari imemwagikia humo. Haikuwa achari. Zilikuwa negativu za miaka ya 1950 na 1960, zinaoza.

Kuoza huko kuna historia yake. Kabla ya mikanda, picha nyingi zilishikwa kwenye vioo, na mpiga picha akivunja kimoja, sura imekwenda. Mwaka 1889 kampuni ya George Eastman ya Marekani ikaanza kuuza mikanda ya nitrati. Ilikuwa myepesi, inakunjika, lakini ikishika moto haizimiki hata ukiitosa majini, kwa kuwa inajitengenezea oksijeni yake yenyewe. Kodak, ndiyo kampuni hiyo ya Eastman, iliacha kuitengeneza mwaka 1951, ikabaki na asetati, iliyoitwa filamu ya usalama. Moto iliuweza, joto na unyevu ndivyo vilivyoishinda. Vikiizidi, hutoa asidi ileile inayoipa siki ukali wake, na asidi hiyo huharakisha uozo na kuambukiza negativu za jirani. Mkanda husinyaa, picha ikajikunja kama ngozi ya maziwa. Hewa ya pwani yetu ndiyo hiyo hasa isiyoitakia mema.

Mpiga picha Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1930, mteja wa studio alikwenda nyumbani na picha ya karatasi. Negativu kwa kawaida ilibaki kwa fundi, ili mtu akirudi kutaka nakala apate. Zilizomo kwenye makopo yetu aghalabu ni za kamera za nyumbani, zilizopelekwa "kusafishwa", kana kwamba sura za watu zilikuwa na uchafu.

Mara ya kwanza nilizilaza kwenye skana ya kawaida, nikaambulia vipande vyeusi. Skana hiyo husoma mwanga unaorudi, ilhali negativu inataka mwanga upite ndani yake. Inafaa ile yenye taa kwenye kifuniko. Usipokuwa nayo, washa kishikwambi kwenye ukurasa mweupe, inua negativu sentimita chache juu ya kioo ili vitone vyake visionekane, piga kwa simu, kisha geuza rangi kwa programu. Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira; usifute kwa kanga. Na ule ufutaji vumbi wa mwanga usioonekana, uliomo kwenye baadhi ya skana, uzime kwa picha za nyeusi na nyeupe: fedha iliyomo huzuia mwanga huo, mashine ikadhani uso wa babu ni uchafu.

Programu za siku hizi hupenda kubuni macho mapya palipofifia. Sizipendi. Mtu anayetoka humo ni mzuri, ila si babu yetu.

Kama nyumbani kuna kopo kama hilo, anza na zinazonuka siki. Zitenge na nyingine, zitie kwenye bahasha za karatasi, si mifuko ya plastiki. Na umwite mzee ambaye bado anawatambua waliomo, uandike majina yao.